Mpiga Kodiani wa Wimbo Mmoja

Zadock Obiero alirudi kutoka vita vya Burma akiwa mzima kabisa, na mwenyewe alipenda kueleza kwamba Wajapani hawakuona sababu ya kupoteza risasi. Alikuwa amemwahidi mkewe, Dorca, cherehani. Kule Bombay, walipokuwa wakingoja meli ya kuwarudisha nyumbani, aliingia dukani na mshahara wake mfukoni. Akaiona cherehani. Karibu nayo akaona kodiani nyekundu, yenye mikanda ya ngozi na vibao vyeupe na vyeusi. Alitoka na kodiani, naye katika maisha yake hakuwa amepiga hata filimbi.

Dorca alilifungua sanduku kwao Seme, akakiangalia kile chombo, kisha akamwangalia mumewe.

"Hii inashona nini, Baba Lornah?" akauliza.

Zadock alisema ni kitu cha maendeleo. Dorca akalifunga sanduku taratibu, akaenda kuchota maji.

Muda si mrefu Zadock akapata kazi Kisumu, katika karakana ya reli. Alikuwa msaidizi wa Joginder Singh, fundi wa mitambo, na kazi yake ilikuwa kumpa spana na kusikiliza lawama. Siku ya Jumapili alivaa koti lake la jeshi hata jua likiwaka, akajitundika kodiani kifuani, akatembea kutoka nyumba za reli mpaka ufukweni na kurudi. Kupiga hakujua. Alijua sauti ile ya kuamshia askari na nusu ya wimbo mmoja wa kanisa. Akiombwa apige, alisema vidole vimeumia kazini, au unyevu wa ziwa umeingia ndani ya chombo na lazima kikauke. Kwa namna hiyo heshima yake ilizidi kupanda. Watu wakaanza kumwita Bwana Muziki, naye akaitika. Baadaye alikuwa akisema kwamba miaka ile mitatu alibeba pambo zito kuliko yote Nyanza.

Mwaka wa 1949, Mwalimu Shitanda, katibu wa kamati ya sikukuu ya Agosti, alimfuata mpaka mlangoni pa karakana. Shitanda alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno machache.

"Bwana Zadock, tumekuweka mwishoni, kabla ya zawadi. Mgeni wa heshima ni ofisa mkubwa kutoka Nairobi. Tupigie kitu cha kumkaribisha."

Zadock alifungua mdomo aseme habari ya vidole. Kikatoka kitu kingine.

"Hakuna taabu, Mwalimu. Nitampigia ya Burma."

Jioni hiyo aliisukuma sahani kando. Dorca, ambaye sasa alikuwa amehamia mjini pamoja na mtoto wao Lornah, alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni joto. Kulikuwa na mvua.

Kesho yake akamwendea Joginder. Alijua kwamba fundi huyo hupiga harmonia hekaluni kwao, kile kinanda cha kukaa nacho chini ambacho mkono mmoja unasukuma hewa na mwingine unapiga. Vibao vyake vilikuwa vilevile vya kodiani. Joginder alimsikiliza, akaweka nyundo chini, akacheka mpaka kilemba kikasogea.

"Miaka mitatu wewe nabeba, hapana jua?"

"Sijui, Fundi."

"Kuja nyumbani jioni. Lakini nyimbo ya Mungu sifundishi. Ile si ya kuchezea uwanjani. Iko moja nyingine, ya harusi. Watu nafurahi sana."

Basi kila jioni Zadock alikaa barazani kwa Joginder akiusumbua wimbo wa harusi. Mwalimu wake alisema anapiga kama mtu anayeponda kokoto. Satwant, mke wa fundi, alileta chai yenye maziwa mengi, na kila alipofika karibu alijiziba mdomo kwa mtandio na kurudi ndani haraka, mabega yakimtikisika. Zadock alielewa kwamba muziki wake umemgusa yule mama. Kwa hiyo alivuta hewa zaidi na kupiga kwa nguvu zaidi, na huko ndani kukasikika sufuria ikianguka. Sikukuu ilipokaribia, aliweza kuumaliza wimbo wote bila kusimama, na aliporudi nyumbani alitembea kifua mbele.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Wazungu walikaa chini ya hema, Wahindi kwenye viti, Waafrika kwenye nyasi, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati huo, lakini vumbi la watoto waliokimbia ndani ya magunia liliwafikia wote sawasawa. Akina mama walikimbia na mayai juu ya vijiko. Wasichana wa Kihindi walicheza ngoma ya vijiti. Kwaya kutoka upande wa Maseno iliimba kwa sauti nne na kumfanya Shitanda atabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule. Kisha akaja mzee mmoja wa Alego na nyatiti yake ya nyuzi nane, na watu wa nyasi wakasogea karibu. Kwa Wajaluo, nyatiti ikilia, mtu yeyote anaruhusiwa kuisimamisha na kujisifu mbele ya watu: jina lake, ukoo wake, ng'ombe wake, uzuri wa shemeji zake. Huko kujisifu wanakuita pakruok. Siku ile wanaume wengi walisimama wakajisifu, na wengine walijisifu kwa ng'ombe ambao Zadock alijua hawapo.

Ndipo akaitwa yeye.

Alipanda jukwaani na koti lake la jeshi, akapiga saluti bila kuombwa.

"Wimbo huu niliupata Burma," akasema. "Ni wa kumkaribisha mgeni mkubwa."

Akaanza. Vidole vilimtii, jambo ambalo hakulitegemea. Upande wa Wahindi watu wakageukiana. Halafu mwanamke mmoja akacheka, na mwingine, na safu nzima ya mitandio ikaanza kuyumba. Satwant akasimama, akapiga makofi, akauimba wimbo kwa maneno yake, huku akinyoosha kidole moja kwa moja kwa mgeni wa heshima. Wanawake wenzake wakamwitikia. Yule ofisa alifurahi sana. Akainuka, akapiga makofi nje ya mdundo, na wimbo ulipofika mwisho akauliza maneno yake yana maana gani.

Shitanda akamwita Joginder mbele. Joginder alifika akiangalia viatu vyake.

"Nasema karibu sana, Bwana," akatafsiri.

"Si kweli," Satwant akasema kutoka kwenye viti, kwa Kiswahili cha sokoni ambacho kila mtu uwanjani alikisikia. "Hii ni nyimbo ya kutukana bwana harusi na watu yake. Sisi wanawake naimba. Nasema, tazama huyu, amekuja juu ya punda ya kuazima. Tumbo yake nafika mbele, yeye nafika nyuma. Amekula ladu yote, ile tamutamu ya harusi, sasa natafuta sahani ale."

Uwanja ukalipuka. Ofisa, ambaye kweli alikuwa na tumbo, alipata tafsiri ya Kiingereza kutoka kwa mtu aliyekaa nyuma yake, akawa mwekundu mpaka masikioni. Shitanda alishika kichwa. Zadock alibaki peke yake juu ya jukwaa, jasho likiingia ndani ya koti la jeshi. Watu wakapaza sauti kwamba apige tena. Wimbo mwingine hakuwa nao. Akapiga huohuo. Akina mama wa nyasi nao wakaudaka, wakaanza kumtungia ofisa matusi ya Kijaluo, na Zadock akaona kwamba akiacha hivyo, kesho hatakuwa na kazi.

Akainua mkono, akaukata muziki katikati, kama wafanyavyo watu wa pakruok.

"Matusi haya nileteeni mimi," akasema. "Mimi ni Zadock mwana wa Obiero, wa Seme. Ng'ombe sina. Nilikwenda Bombay kumnunulia mke wangu cherehani, nikarudi na hiki. Mke wangu aliniuliza kinashona nini, na mpaka leo sijamjibu. Nimetembea nacho miaka mitatu mbele yenu nikidanganya kwamba vidole vinauma. Wimbo ninaoujua ni mmoja, na nimeambiwa maana yake sasa hivi, pamoja nanyi."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Hata ofisa alicheka, labda kwa sababu zamu ya kuchekwa imemwondokea. Zadock alimtafuta Dorca kwenye umati. Alimkuta ameketi na Lornah mapajani, amejiinamia, anafuta machozi kwa kona ya leso, na alipoinua uso Zadock aliona kwamba anacheka. Tangu arudi vitani hakuwa amemwona akicheka hivyo. Akapiga wimbo mara ya tatu, na akakosea karibu kila kibao.

Shitanda alipitisha wiki mbili bila kumsalimu. Lakini mwaka uliofuata kamati iligundua kwamba watu wanauliza kama Zadock atakuwepo, na Mwalimu akaja tena mlangoni pa karakana, safari hii na bomba la bati la kukuzia sauti. Wakamfanya mtangazaji. Alitangaza mbio, kwaya, ngoma na zawadi, na baina ya jambo moja na jingine alijisema mwenyewe: jinsi alivyompa fundi spana isiyofaa, jinsi alivyopotea njia ya kwenda kwao Seme. Kupiga kodiani aliendelea kwenye harusi za Masingasinga, watu wa Joginder, ambako alialikwa kwa sababu kila alipogusa vibao wanawake walianza kucheka kabla ya kuimba. Mpaka mwisho alijua nyimbo nne. Yeye alihesabu tano, lakini ile ya tano ilikuwa ya kwanza, imepigwa polepole.

Agosti ya mwaka 1955 aliamka na mafua, sauti imekwisha. Hapakuwa na mtu mwingine, kwa hiyo Dorca akalichukua lile bomba la bati, akapanda jukwaani, akasalimu watu wa nyasi, wa viti na wa hema, na akaanza kumsimulia mumewe. Alikuwa na habari ambazo Zadock hakuwahi kuzitoa: namna anavyoongea na mende, namna alivyoshona kifungo cha suruali pamoja na shati. Watu walicheka mpaka mbio za magunia zikachelewa.

Mwaka uliofuata kamati ilimwomba Dorca. Zadock alimbebea kiti, akakiweka jukwaani, akakaa chini kwenye nyasi na watoto, akasubiri kusikia amefanya nini tena.