Bakuli la Uji wa Mama

Harufu ya uji wa ulezi juu ya moto wa mkaratusi hunirudisha Vulamba, Butembo, msimu wa mvua alipofariki baba. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata nyumba ya jirani haikuonekana. Wageni wa kilio walikuwa wamekwisha kurudi Beni na Mutwanga, na mama alibaki amelala mkekani, uso ukutani, akimnyonyesha mdogo wangu bila kumtazama. Watu wazima aliwakatalia chakula. Ndiyo maana shangazi, dada ya baba, aliniwekea mimi bakuli mikononi. "Mugonjwa haulizwi uji," alisema, "na mufiwa ni vilevile. Ukae naye mpaka amalize."

Mama alionja kijiko kimoja, akanirudishia. "Kula weye, mutoto wangu. Usimwambie shangazi."

Nilikula. Ningependa kuandika kwamba nilikula kwa utii, lakini uji ulikuwa na sukari, nasi watoto tulipewa viazi vya jana. Shangazi alipoona bakuli tupu alinipapasa kichwa. "Mama yako anakusikia weye kuliko siye bakubwa." Sifa hiyo nayo niliimeza. Siku zilizofuata sikungoja hata kuambiwa. Nilikaa mlangoni nikimpa mama mgongo, nikala. Maziwa yake yalipopungua na mtoto akalia mchana kutwa, shangazi alishangaa: "Na ule uji wote?" Nikaenda kuosha bakuli. Nilinyamaza hata siku mama alipoanguka njiani akitoka kuteka maji, bidoni yake ya plastiki ikabingirika bondeni, jirani akamleta mgongoni. Alipona polepole, lakini nguvu zake za zamani hazikurudi. Hakunitaja kamwe.

Majuto ni mjukuu. Leo mfiwa ni mimi. Mke wangu tumemzika Beni, na tangu hapo kila chakula kina ladha ya majivu. Binti yangu humtuma mwanawe aniletee uji. Jana nilionja kijiko kimoja, na maneno ya mama yakanifika mdomoni. Mtoto aliangalia bakuli, akameza mate.

"Iko uji mingine kwa sufuria?" nilimuuliza.

"Iko, babu."

"Basi leta yako. Tukule wote."

Alikaa mbele yangu, akanichunga kama polisi. Nilipopumzika alisema, "Babu, bado." Nikamaliza. Miaka hii yote sikujua kwamba kazi niliyopewa na shangazi ilikuwa ndogo kiasi hicho.