Upindo wa Sketi ya Shule

"Shangazi, mbona upindo wenyewe mrefu hivi? Hapa si ingetoka sketi nyingine?"

Mtoto wa kaka yake fundi cherehani aliuliza hivyo akiwa bado darasa la tano. Fundi aliendelea kupinda sketi ya binti yake. Alikuwa na pini mdomoni na hasira kifuani.

Alikuwa ametoka tu hospitali na binti yake. Ubongoni mwa mtoto mishipa ya damu ilikuwa imesokotana tangu kuzaliwa, na ilikwisha kuvuja mara moja. Madaktari walimfunga fremu ya chuma kichwani, wakalielekezea fundo lile mionzi myembamba, bila kisu. Kesho yake mtoto alilalamika kuwa uji hauna sukari.

"Mishipa itajifunga polepole," daktari alisema. "Miaka miwili, pengine mitatu. Kabla ya hapo inaweza kuvuja tena."

Muuza mkaa wa jirani alimkagua mtoto kichwa kizima. "Hata kovu hana. Mama, umepigwa changa la macho."

"Ulitaka wampasue ili wewe uridhike?"

Mwalimu mkuu naye akaja na yake. "Mama, akae nyumbani mpaka apone. Akianguka hapa, je?"

"Utaniita."

"Na ukichelewa?"

"Sitachelewa."

Asubuhi iliyofuata cherehani ilikuwa nje ya geti la shule. Mlinzi alikuja kumfukuza akiwa na suruali iliyofumuka. Akaondoka nayo imeshonwa. Hakurudi tena na habari za kufukuza.

Fundi akashona hapo, jua na manyunyu. Kengele ikilia kabla ya wakati wake, mguu uliganda kwenye pedali mpaka amwone binti yake akitoka anakimbia. Kila shule zilipofunguliwa alifumua upindo kidogo, akaushusha. Pindo za zamani ziliacha mistari, na wenzake wakamwita binti "Pundamilia". Naye akawa anawapiga mateke.

Hatimaye picha za mwisho zikatoka. Fundo limeziba, damu haipiti tena pale.

Fundi alirudi nyumbani akafumua kipande cha mwisho, kitambaa cha bluu iliyokoza, kisichowahi kuona jua. Binti alisimama mbele yake, mrefu kumpita. Yule mtoto wa kaka, sasa yuko sekondari, akauliza tena swali lake.

Fundi akatoa pini mdomoni.

"Siku ile kila mtu alikuwa akimtazama mgonjwa," alisema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Mimi nilikuwa namshonea huyu."