Chungu cha Siki Jikoni kwa Mama Mkwe

Nilikuta chungu cha siki kinachemka kwa mama mkwe wangu, na ukoo mzima hakuna mwenye mimba.

Kwetu Hong Kong chungu kile hakipikwi ovyo. Siki tamu, tangawizi, mayai na miguu ya nguruwe: hicho ni chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua. Mama humpikia mke wa mwanawe.

Mwanawe ni mmoja tu, mume wangu Kwan-lok.

Na tumbo langu lilikuwa bapa kama sinia.

Mkono ukaniwasha. Nikafunua.

"Suk-yee, acha!" mama mkwe akaniwahi. "Hicho si chako."

Si changu! Kifua kikachemka kuliko chungu chenyewe.

Kwan-lok akaingia, akakibeba, hata macho hakuniinulia.

"Unampelekea nani?"

"Narudi sasa hivi."

"Sikukuuliza unarudi lini."

Akatoka. Nikamfuata hadi mtaa wa pili, ghorofa ya tatu. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye kichanga kifuani.

Nilimjua kwa picha. Pui-shan, mtalaka wake.

"Hongera, mume wangu," nikasema. "Masikio kachukua yako."

"Suk-yee, tulia kidogo."

"Nitulie nini?" Kwetu mwenye wivu huambiwa kanywa siki. "Mmeninywesha chungu kizima, halafu nitulie!"

Nyuma ya Pui-shan akachungulia jamaa mnene, nepi begani.

"Samahani, dada," akasema. "Haya masikio ni ya kwetu. Hata babu alikuwa nayo."

Nikatazama masikio ya huyo baba mtoto. Nikatamani ngazi zinimeze.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa anafuta jiko.

"Pui-shan hana mama, wala huko alikoolewa hana mama mkwe," akasema. "Aliachana na mwanangu, hakuachana nami. Nani angempikia?"

"Mbona mlinificha?"

"Nilijua utakunywa siki."

Wivu wa mume ulikuwa umeniisha kule kule mlangoni. Wa kumgombea mama mkwe ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Jumapili iliyofuata nikawahi jikoni kwake, nikashika kisu na tangawizi.

"Nifundishe, mama."

Akanitazama tumboni. "Tayari?"

"Bado. Nataka tu na mimi niwe mtu wa jiko hili."

Akacheka, akanisogezea kigoda.

Wenzangu, mkono ukiwawasha kufunua chungu cha watu, ulizeni kwanza kinapikiwa nani. Na mkiona wivu hautoki hata baada ya kujibiwa, kaeni mmenye tangawizi. Mimi ulinitoka kidogo kidogo, pamoja na maganda.