Goti la Mama Mkwe

Watu wa Kabiro, mtaa wetu kule Kawangware, huniita "yule wa kukanda," na kila nikisikia hivyo nakasirika upya. Sikandi. Mimi hupima goti, bega au kiwiko kinakunjika hadi wapi, kisha nakifanyia kazi mpaka kikunjike zaidi. Kipimo changu ni rula mbili za plastiki zilizounganishwa kwenye duara lenye digrii, na nakitunza kuliko simu yangu.

Niliitwa Lindi, kule Kibera, kumwona mama mmoja aliyeteleza kwenye matope akavunjika pia ya goti. Plasta ilikuwa imetolewa na goti limekakamaa. Huko alikotibiwa walimwambia amepona kwa sababu aliweza kuketi kwenye kiti. Nilipompima, goti lilifika digrii tisini na kidogo.

"Unataka hili goti likufanyie nini, mama?" nikamuuliza.

"Kanisa tu, daktari. Nikae kwa benchi."

Sikumwamini. Midomo yake ilikuwa mikavu, na chai aliyowekewa na binti yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Nimezaliwa kwenye ploti yenye choo kimoja cha shimo, kwa hiyo mtu anayejinyima maji namjua nikimwona. Nikatoka nje na binti.

"Anaogopa choo, sivyo?"

"Anatumia ndoo," akasema kwa sauti ya chini. "Na mimi natoka asubuhi na mapema kufulia watu, narudi jioni. Jana bwana yangu akasema atakuwa anaimwaga yeye. Mathe alilia."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu Waluhya, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, na mama halali nyumbani kwa mkwe wake. Ndiyo maana huyu alikodishiwa chumba chake, mlango wa tatu kutoka kwa binti. Sasa mkwe abebe ndoo yake?

Nikarudi ndani. "Mama, kiti kinataka tisini. Kuchuchumaa kunataka mia na thelathini. Tutafika."

Aliona haya, akatazama ukutani. Kisha akanyoosha mguu nianze.

Nikawa naenda kila nilipopata nafasi. Yeye hulala chali, anaburuta kisigino kuelekea makalioni, nami naweka kipimo ubavuni mwa goti. Na alikuwa mwizi. Uchungu ukizidi, anainua nyonga kidogo ili rula isome zaidi.

"Mama, shusha kiuno."

"Kiuno kiko chini."

"Kiko Kawangware. Shusha."

Alikuwa akicheka, akishusha, na digrii alizoiba zinarudi zilikotoka. Ningeweza kumwachia afurahi. Lakini shimo la choo halidanganyiki, na mimi nilitaka digrii za kweli.

Tulipofika mia na kumi goti likagoma kabisa. Akaniambia niache, Mungu ameshasema. Nikamjibu kwamba Mungu hajashika hii rula. Nilikuwa na hasira, wala si kwake. Ni kwa wale waliomrudisha nyumbani wakidhani kila mtu ana choo cha kukalia. Tukaendelea, yeye akiuma leso, mimi nikimsukuma na kumtania.

Asubuhi moja rula ikasoma mia thelathini na mbili. Nyonga zilikuwa chini. Nikapima tena ili nisijidanganye, ikasoma vilevile. Binti, ambaye siku hiyo hakwenda kazini, akataka kupiga kigelegele, lakini mama yake hakumngoja. Aliomba ufunguo wa choo, akainuka, akatembea uani polepole huku akishika ukuta. Sisi tukamfuata nyuma, mikono tayari. Akafungua kufuli, akaingia, akajifungia.

Tulibaki nje tumeshikana mikono. Alikawia, nami nikashindwa kuvumilia.

"Mama, uko sawa?"

"Mnasikiliza nini hapo?" akajibu kutoka ndani. "Hamna kazi? Endeni huko."

Binti akacheka huku machozi yanamtoka. Tukasogea mbali, kama tulivyoamriwa. Nimeshukuriwa na wagonjwa wengi, lakini hakuna shukrani iliyowahi kunipa fahari kama kufukuzwa siku ile.