Funda la Kwanza la Tantine Aziza

Harufu ya bizari na vitunguu vikikaangwa hunirudisha mtaani Jabe, kwenye ua wetu mdogo, Ramadhani ile niliyokuwa na miaka tisa. Tantine Aziza, mdogo wake mama, ndiye aliyenilea, na kila alasiri alikaanga sambusa huku akikariri maneno yake ya televisheni. Mimi nilishika karatasi na kumsahihisha, nikijiona mtu mkubwa. Katika tamthilia ile iliyoonyeshwa kila juma alikuwa mke mkubwa anayemtilia mke mwenzake sumu kwenye chai. Aliifanya kazi hiyo vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwetu sumu si jambo la mzaha. Anayekukaribisha kinywaji hupiga funda la kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Lakini futari ya jirani hupelekwa imefunikwa, na hakuna aliyewahi kudai ionjwe. Siku iliyofuata kipindi cha sumu nilipeleka sahani tatu kama kawaida, na asubuhi nilipozifuata nikazikuta zimejaa vilevile. Mama Shabani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alinikabidhi ya kwake kwa ncha za vidole.

"Umuambie Aziza aksanti sana, tulishashiba. Mi sina ubaya na yeye, lakini ile chai tuliiona na macho."

Nilikasirika kweli, nikamtukana kimoyomoyo. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa tantine nilikuwamo mimi. Jioni ile, adhana ya magharibi ilipokwisha, alinisogezea kikombe cha chai ya tangawizi, nami sikukigusa. Nilikitazama tu. Mimi niliyeshika karatasi, niliyejua fika kwamba sumu ile ilikuwa unga wa muhogo! Naona haya hadi leo. Tantine alinitazama, akakichukua kikombe, akapiga funda, akanirudishia. "Sasa kunywa, mutoto yangu," alisema, akaingia ndani. Nilimsikia akilia. Asubuhi alisema anakwenda kuwaambia watu wa televisheni watafute mwigizaji mwingine.

Hakwenda. Alikaanga sambusa kama kawaida, kisha jioni akazibeba sahani mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa Mama Shabani, na adhana ilipolia akafuturu palepale kwa sambusa ya juu kabisa. "Nimeanza mimi. Bado munaniogopa?" Mama Shabani alicheka mpaka akashika ukuta, akachukua mbili. Kwenye milango mingine miwili ikawa vivyo hivyo.

Ameigiza miaka mingi tangu hapo: muuguzi, mjane, mama mkwe mwenye mdomo. Siku hizi anaishi mtaa wa Mutanga Nord, na watu humtazama kwenye simu, kila mtu na yake, wakimtumia mioyo midogo myekundu. Wanampenda, sikatai. Ila hakuna tena anayeuamini uigizaji wake kiasi cha kuikataa sambusa yake. Kila nikimtembelea mimi ndiye ninayemmiminia chai, na kila mara nimepiga funda la kwanza kabla ya kumpa. Hatujawahi kulizungumza. Juma lililopita nilikiinua kikombe kama kawaida, akaninyang'anya kabla hakijafika mdomoni.

"Leta hapa, inapoa," akasema, akanywa yote.