Choo Asichoingia Mkamwana

Mume wangu alipopunguzwa kiwandani, miaka ile viwanda vinauzwa, alikaa tu nyumbani Kiseke, kisha akajitolea kazi ya afya ya mtaa. Walikuwa wanaume watano. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao pia, ila hapa siyaandiki. Watu waliwaita mabwana choo.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Walipita nyumba kwa nyumba kuangalia vyoo na kuhimiza maji ya kunywa yachemshwe. Jirani mmoja alimwuliza mume wangu kama mkewe amemfukuza jikoni, hata aje kuchungulia masufuria ya wenzake. Yeye akaomba aoneshwe choo.

Walikubaliana waanze kukaguana wenyewe, na ambaye watu wake wanajisaidia nje aiache kazi. Choo chetu kilikuwa kizuri, alikichimba mwenyewe. Lakini mke wa mwanetu, tuliyekuwa tunaishi naye, hakukiingia. Kwetu Wasukuma mkamwana hachangii choo na baba mkwe. Alipanda kujisaidia kwenye mawe ya kilimani, na mvua ikinyesha maji ya mawe yale yalishuka kisimani kwetu. Nilijua. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipoolewa, sikuona la kusema. Mume wangu hakuuliza, baba mkwe haulizi jambo kama hilo.

Siku ya kukaguliwa, mmoja wao, mwalimu mstaafu, Mhaya, alikisifia sana choo. Kisha akaniuliza, "Shemeji, hapa mko wangapi, na humu mnaingia wangapi?"

Nikasema tuko sita, tunaingia watano.

Wale Wasukuma wenzetu wakatazama chini. Mume wangu akasema basi, ameiacha kazi. Mwalimu akaelezwa pembeni mila yetu, akarudi.

"Usiache, mzee mwenzangu. Chimba kingine."

Alichimba. Shimo la kwanza lilifika kiunoni likakutana na jiwe. La pili vilevile. La tatu, nyuma ya nyumba, likaenda chini. Akajenga, akaezeka, akaja kwangu jikoni.

"Mwambie mwenzio," alisema, "kile cha nyuma mimi sitakikagua."

Nikamwambia mkamwana. Aliendelea kuchambua dagaa.

Walipokuja tena, mwalimu ndiye aliyezunguka nyuma. Mume wangu alibaki barabarani, ametupa mgongo, akizungumza na mpita njia habari za pamba. Mwalimu alirudi akasema sakafu imelowa, kuna mtu ameiosha asubuhi. Mume wangu hakugeuka.