Kompyuta Ilivyotaka Kumfuta Mama

Kompyuta ile niliinunua kwa hela yangu. Naanzia hapo kwa sababu mpaka leo sijaelewa ilikuwaje kitu changu, ndani ya steshenari yangu pale Igalula, kikajiamulia mambo yake siku tunamzika babu.

Babu alimzaa mama huko Puge kabla hajafunga ndoa na bibi. Miaka yote ukoo ulimwita mama "yule wa Puge". Akija kwenye sherehe anapewa kiti, anapewa wali, jina hapewi. Asubuhi ya mazishi familia ilikaa kikao cha wasifu wa marehemu. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wa familia, alikuwa ameshachapisha wake na mama hayumo. Mama mdogo akamkatalia.

"Kaka, baba hatumfukii na uongo. Dada ndiye wa kwanza."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa na kompyuta mapajani na mwanangu mgongoni, naandika kila wanachokubaliana. Mwisho nikawasomea yote kwa sauti, wakaitikia. Mama muda wote huo alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakuna aliyemwita.

Nikakimbilia dukani kuchapa. Naweka karatasi kwenye printa, nageuka, kioo ni cha bluu. Inajisasisha. Imeandika nisiizime. Nani kakuomba? Kila ilipouliza nilikuwa nabonyeza "baadaye", sikujua kwamba hiyo baadaye wanaipanga wao huko waliko. Ikajizima, ikawaka, ikaleta maandishi meupe kwenye weusi, ikajizima tena, ikawaka tena. Nilisimama mdomo wazi. Mfumo ule wa kuiendesha unaukuta ndani ya kila kompyuta ya dukani, hakuna anayekuuliza kama unautaka. Ni kama kununua nyumba ukamkuta mpangaji ndani, tena funguo anazo yeye.

Mjomba akatokea mlangoni.

"Vipi?"

"Imegoma, mjomba. Nipe kalamu, yote nayakumbuka."

"Ya mama yako utayakumbuka zaidi. Tuliyokubali ni yale uliyotusomea. Yasipopatikana, nasoma hii yangu." Akaupiga mfuko wa koti, akaondoka.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikampigia shemeji, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa kwetu likizo ya chuo. Huyu alikuwa anatuhubiria mfumo wa bure kama mlokole aliyeokoka jana: umetengenezwa na watu wa dunia nzima, uko wazi, haukulazimishi. Akaja na flashi, anacheka.

"Shemeji, si nilikwambia? Uliseivu?"

"Niliseivu. Chomeka, acha mdomo."

Akachomeka. Mashine ikawaka kutoka kwenye flashi, sura ngeni kabisa, na faili la babu likaonekana limekaa pale, halijaguswa hata neno. Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikasema chapa, na mfumo wake mtukufu ukasema printa hauioni.

"Hauioni vipi na iko hapo mezani?"

"Unataka draiva, programu ya kuitambua printa. Dakika mbili tu."

Akaanza kuandika amri kwenye kidirisha cheusi. Mtandao ukawa unasuasua. Kengele ya kanisa ikalia, jeneza linatoka.

"Basi, tunaenda nayo hivyo hivyo," nikasema nikiinyanyua.

"Usiifunike! Ikilala hiyo, siahidi kama itaamka."

Tukapita katikati ya Igalula, mimi na kompyuta wazi mikononi kama sinia la maandazi, mtoto analia mgongoni. Makaburini watu waligeuka wote. Mzee mmoja akauliza, "Sasa hiyo ni ya nini? Marehemu anaangalia mpira?"

Mjomba aliinama, akakodoa macho. "Sioni kitu. Jua." Mkono ukaanza kwenda mfukoni.

Mama mdogo akamwahi. Alivua kanga ya begani, akamfunika mjomba kichwa pamoja na kompyuta. Sijawahi kuona jambo kama lile msibani: msemaji wa familia ndani ya kanga ya maua, mimi nimeishika mashine, sauti inatoka kwenye kitambaa.

"Marehemu ameacha watoto saba. Wa kwanza..."

Akanyamaza. Nilidhani mashine imezima. Nikachungulia: imewaka, jina liko pale. Ni yeye aliyekwama. Kisha akalitaja, jina zima, na la babu kama ubini.

Mama alikuwa nyuma kabisa, na wapishi.

Huku kwetu watoto hutupa udongo kwa mfuatano wa wasifu, kwa hiyo hakuna aliyesogea. Wote wakamsubiri. Alitembea polepole akijifuta unga kwenye kitenge, kana kwamba kuna mtu angemrudisha. Akachota, akatupa. Wadogo zake sita wakamfuata.

Baadaye akaja niliposimama.

"Nioneshe hapo aliposoma."

Nikamwonesha. Aliweka kidole chenye udongo juu ya kioo, chini ya jina lake, akakiacha hapo muda mrefu.